Kabla hujaandika ripoti ya utendaji ya robo mwaka, zingatia haya

Mwaka wa fedha wa serikali hapa Zanzibar unaanza Julai mosi, kwa hiyo robo zako zinaisha Septemba, Disemba, Machi na Juni. Zibandike ukutani. Usisubiri mwezi uishe ndo unapiga simu Pemba kuomba takwimu, watu wa wilayani ukiwabana watakupa namba yoyote ilimradi uwaache.

Kila shabaha iwe na kianzio, yaani hali ilivyokuwa kabla hujaanza kazi. Umeongeza, kutoka wapi?

Pesa kutumika si kazi kufanyika, usichanganye.

Sasa hili la kiashiria, yaani kile unachokihesabu kuonesha shabaha imefikiwa, nakuombeni mkae nalo, maana nimeona mtoto wa watu anaumbuliwa bure. Taasisi moja, sitoitaja, kiashiria chao cha maji kilikuwa idadi ya mifereji, yaani mabomba ya maji, iliyojengwa. Ikajengwa kweli, yote, picha zikapigwa zikatiwa kwenye ripoti, asilimia mia, rangi ya kijani. Ripoti ikenda kusomwa kwenye mkutano wa shehia moja huko Micheweni, Pemba, mbele ya Sheha, yaani mkuu wa shehia, na wakubwa kutoka Unguja, bibi mmoja akanyanyuka na dumu lake la manjano mkononi akasema wanangu huo mfereji mnaousema nnao mlangoni, nikiufungua unatoa upepo, twendeni mkautazame. Hakuna alojibu. Na alokuja kulaumiwa ni yule kijana wa mipango aloijaza fomu, wakati fomu haikumuuliza kama maji yanatoka, iliuliza mifereji mingapi, akajaza mingapi. Mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo kabla hujakusanya chochote kila kiashiria kiandikie karatasi yake, kinahesabu nini hasa, nani anahesabu, siku gani, ushahidi unakaa wapi. Mfereji uhesabiwe ikiwa siku ya ukaguzi umetoa maji, na muulize mwenye nyumba kwa wiki yanatoka siku ngapi. Wala si sisi tu, Uingereza hospitali ziliwekewa shabaha mgonjwa wa dharura asikae zaidi ya masaa 4, ikaja kuripotiwa wagonjwa wanawekwa nje ndani ya gari la wagonjwa ili saa isianze kuhesabiwa.

Shabaha haikufikiwa? Andika haikufikiwa na sababu yake, mkaguzi akija anataka karatasi hataki maneno. Fomu za shehiani zihifadhi zenyewe, usitegemee picha za wasap, simu zinaibiwa, fleshi zinakufa, na afisa akihamishwa akabidhi mafaili kwanza kabla hajapanda boti.