Namna ya kumuuliza mama habari za mtoto wake

Kila mradi mpya wa utafiti wa watoto unapofika Dodoma hunikabidhi vijana sita au saba, kila mmoja na kishikwambi chake, nikae nao siku mbili kabla hawajaingia vijijini. Kazi ya kukusanya takwimu nimeifanya tangu 2013, Chamwino, Bahi na Kongwa: kifafa, usonji, watoto wasiotulia, wanaochelewa kuongea, vijana waliojikunja wenyewe hawataki kusema na mtu. Semina ya ukumbini inamaliza dodoso zima, swali kwa swali. Kinachobaki ni namna ya kukaa kwenye mkeka wa mtu na kumuuliza kuhusu mwanawe, na hicho ndicho ninachokiandika.

Vibali sitavirefusha. Kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, barua ya mkoa, ya halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Wengi huishia hapo, wakamruka mwenyekiti wa kitongoji. Usimruke. Oktoba 2016 watafiti wawili wa udongo na dereva wao waliuawa katika kijiji kimoja cha Chamwino kwa kudhaniwa wanyonya damu, nao walikuwa wanachukua udongo tu. Wewe unakuja kuuliza habari za kichwa cha mtoto wa mtu. Msubiri mwenyekiti hata akikuchelewesha nusu siku, na utembee na mhudumu wa afya wa hapohapo. Ukifika mlangoni sema "Mbukwenyi", hata kama Kigogo chako kinaishia hapo. Utachekwa, halafu utaletewa kigoda.

Usiende Januari wala Februari. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, na miezi hiyo mama yuko kwenye palizi ya uwele tangu alfajiri. Akikubali kukaa na wewe atajibu haraka haraka ili arudi shambani. Baada ya mavuno mtaongea mpaka karanga ziishe kubanguliwa.

Sasa maneno ya kuanzia. Usitangulize "afya ya akili". Mji huu ndio wenye Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, na mtoto wa Dodoma hujua kwamba "utapelekwa Mirembe" ni tusi kabla hajajua kwamba ni hospitali. Anza hivi: "Tunajifunza jinsi watoto wanavyokua, wanavyocheza, wanavyosoma na wanavyojisikia." Si kwa kumficha. Fomu ya ridhaa utamsomea yote, na neno lenyewe limo, ila litamkuta ameshaelewa umekuja kufanya nini. Asiyejua kusoma aweke dole gumba mbele ya shahidi anayejua kusoma, na shahidi asiwe mwenzako wa mradi. Mtoto mwenyewe naye aulizwe. Ridhaa ya mzazi haimfungi mtoto anayetikisa kichwa kukataa.

Hapo kwenye ridhaa niliwahi kuharibu. Mwaka 2014 nilimsomea mama mmoja fomu vizuri kabisa, akaweka dole, tukamaliza maswali yote, nikafunga begi. Akaniuliza: "Na dawa mnatoa leo au kesho?" Alikuwa ameacha kwenda kliniki wiki ile akinisubiri mimi. Tangu siku hiyo nikishasoma, namwambia mzazi, "Mama, hebu nieleze wewe, mimi nimekuja kufanya nini?" Akitaja dawa, naanza upya. Ajue hatuna tiba, ajue akikataa zahanati haitamnyima huduma, na ajue anaweza kuniacha katikati ya swali la tano. Sabuni ya mche tunayotoa itoe mwishoni, kwa aliyemaliza na kwa aliyeacha.

Umri wa mtoto ndio uti wa mgongo wa kazi yote, kwa sababu mtoto wa miaka minne asiyetulia na wa miaka kumi asiyetulia si jambo moja. Omba kadi ya kliniki kwanza. Ikiwa imeliwa na panya, tumia kalenda ya matukio: alizaliwa kabla au baada ya Dodoma kuwa jiji, Aprili 2018? Wakati wa msiba wa Magufuli, Machi 2021, alikuwa anatambaa au bado mgongoni? Makarani wa sensa walipopita Agosti 2022 alikuwa anasema maneno mangapi? Mama asiyekumbuka mwezi hukumbuka alikuwa amebeba nini siku ya msiba.

Halafu maswali. Dodoso mtakalokutana nalo mara nyingi kwa watoto wa miaka 4 mpaka 17 ni SDQ, la kuchuja matatizo ya hisia na tabia, alilolitoa Robert Goodman, Mwingereza, mwaka 1997. Lina maswali 25, na majibu ni matatu: si kweli, kweli kiasi, kweli kabisa, kwa kuangalia miezi sita iliyopita. Maswali 20 ndiyo yanayojumlishwa kupata alama za matatizo. Matano ya wema kwa wengine yanahesabiwa peke yake. Huruhusiwi kubadili maneno yake kwa sababu tu umeona mama hajaelewa. Unachoruhusiwa ni kulirudia taratibu, na kuandika pembeni kwamba hakuelewa na alielewa nini. Hayo maandishi ya pembeni ndiyo ninayoyasoma mimi kwanza jioni. Wakati wa majaribio ya dodoso muulize mama wazi, "Hapa umesikia nimekuuliza nini?" Nilipouliza hivyo kwenye swali la kutotulia, wakina mama watatu kati ya watano wa siku ile waliniambia nimeuliza kama mtoto ana nguvu za kuchunga.

Mwangalieni sana mtoto anayeitwa mpole. Kijiji kimoja upande wa Mvumi, mama alikuwa anabangua karanga, mwanawe wa miaka mitano amekaa kwenye kivuli cha mbuyu anapanga vifuniko vya soda kwa mstari. "Huyu hanisumbui," akasema. "Mpole, hata ukimwita hageuki." Kijana niliyekuwa naye alishaanza kung'aa macho: haongei, hageuki, anapanga vitu, usonji huo! Nikazunguka nyuma ya mtoto nikatingisha funguo. Hakugeuka. Nikapiga mguu chini karibu naye, vumbi likaruka, akageuka na kunicheka usoni, kisha akamtazama mama yake kama anayesema "umemwona huyu?" Sikioni mlikuwa na usaha uliokauka. Tukampa barua ya rufaa ya masikio, na kwenye fomu tukaandika tulichokiona tu. Kwa hiyo kabla ya yote, masikio na macho. Na kumbuka dodoso la kuchuja halitoi jina la ugonjwa. Jina linatolewa na daktari aliyemwona mtoto zaidi ya mara moja na kupata habari za nyumbani na za shuleni.

Kwa degedege usiulize neno peke yake. Kwa mama wengine degedege ni ya homa tu, kifafa ni neno la aibu, na kuna "kuanguka", ambako ni kitu cha tatu. Uliza: amewahi kukakamaa, macho yakapinda, akatokwa povu? Alikuwa na homa au hakuwa nayo? Hukaa kimya ameduwaa ukimwita hasikii, halafu akaendelea kama hakuna kitu? Mwoneshe kwa mwili wako, kaza mkono, urushe. Watoto watacheka, waache wacheke.

Vijana wa sekondari wahoji peke yao, mahali mnapoonekana lakini hamsikiki. Chini ya mti shuleni panafaa, ofisi ya mwalimu wa nidhamu haifai hata siku moja. Kabla ya swali la kwanza mwambie: "Utakayoniambia ni siri yetu, isipokuwa ukiniambia kuna anayekuumiza, au unataka kujiumiza. Hapo nitamtafuta mtu wa kukusaidia, na nitakwambia ni nani." Swali la kujiua uliza kwa sauti ileile uliyoulizia la usingizi. Sheria yetu inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na vijana wanalijua hilo kuliko unavyodhani, ndiyo maana wengine hukutazama begi kwanza kama una pingu. Akisema ndiyo, weka kishikwambi chini. Mahojiano yamekwisha. Usimwache peke yake, mpigie mtaalamu wa mradi hapohapo, na namba yake uwe nayo kichwani kwa sababu chaji huisha. Namba 116 ya huduma kwa mtoto ni bure, mwandikie kwenye karatasi.

Jioni nakagua. Kishikwambi kinaandika saa ya kuanza na ya kumaliza, kwa hiyo usinipe mahojiano ya dakika tisa yenye "kweli kiasi" ishirini na tano mfululizo ukaniambia mama alikuwa na haraka. Nitapanda bodaboda kesho asubuhi nimuulize mwenyewe, na nauli nitakukata kwenye posho.