Kabla hujaipeleka simu kwa fundi: chaji, maji, nafasi na bando

Simu ikianza kusumbua, betri ndiyo hulaumiwa kwanza. Mara nyingi inaonewa. Kasoro iko kwenye waya wa bei ya chini, kwenye uchafu wa mfukoni, au kwenye video za kikundi cha WhatsApp cha harusi iliyokwisha miaka miwili nyuma. Maelezo haya yanahusu zaidi simu za Android, na iPhone inatajwa pale inapotofautiana. Majina ya menyu yameachwa kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo simu nyingi zilivyo, ingawa Tecno, Samsung na Xiaomi hazifanani neno kwa neno.

Simu haiingizi chaji, au inaingiza kwa kusuasua

Pima kwanza, usinunue kitu. Simu ikiwa na chaji kati ya asilimia 20 na 50, izime kabisa, ichomeke kwenye umeme wa ukutani kwa nusu saa, kisha uangalie imepanda kiasi gani. Betri ya mAh 5000 hubeba takribani wati-saa 19. Chaja ya volti 5 na ampea 2 hutoa wati 10, kwa hiyo kwa nusu saa, ukiondoa kinachopotea kama joto, simu inatakiwa kupanda kwa asilimia 20 hivi. Ikipanda asilimia 5 au 6 tu, inapata nusu ampea, na kwa mwendo huo itachukua usiku kucha kujaa. Usifanye kipimo hiki simu ikiwa imepita asilimia 80, maana hapo yenyewe hupunguza kasi ili kuilinda betri, nawe utadhani ni ubovu.

Matokeo yakiwa mabaya, anzia kwenye tundu la chaji, lile ambalo mafundi wengi huliita sistimu chaji. Waya wa Type-C ukichomekwa unatakiwa kuzama mpaka shingoni na kushika. Ukiona umebaki nje kwa milimita moja hivi, au chaji haiingii mpaka uukunje waya upande mmoja, tundu limejaa nyuzinyuzi za nguo na vumbi ambavyo umekuwa ukivishindilia ndani kila unapochomeka. Zima simu. Chukua kijiti cha meno cha mbao, kichonge ncha kwa wembe iwe bapa, washa tochi, kisha kwangua taratibu kutoka ndani kuja nje, ukipita kandokando ya ule ulimi mwembamba ulio katikati. Kinachotoka mara nyingi ni kipande kigumu kama pamba iliyokandamizwa. Usitumie sindano wala pini: chuma kinaweza kugusanisha miguu ya shaba, yaani vile vipande vidogo vinavyopitisha umeme, na ule ulimi ukivunjika ndipo utakuwa umejitafutia kazi ya fundi kweli. Usipulize kwa mdomo pia, unaingiza mate.

Tundu likiwa safi na hali haijabadilika, badilisha waya peke yake huku kichwa cha chaja kikibaki kilekile, kisha ufanye kinyume chake. Watu wengi hubadilisha vyote kwa mpigo na hawajui kilichokuwa kibovu ni kipi. Waya mrefu na mwembamba hupoteza volti njiani hata ukiwa mpya. Baadhi ya nyaya zina nyuzi za umeme tu, hazina za data. Utazijua ukiunganisha simu na kompyuta, kwani simu itachaji lakini chaguo la kuhamisha faili halitatokea.

Kwenye kichwa cha chaja soma maandishi madogo pembeni ya neno Output. Ikiandikwa 5V 1A, hiyo ni wati 5, na simu ya leo itachaji kwa mwendo wa kobe. Ikiandikwa pia 9V 2A, ni wati 18, lakini kasi hiyo hupatikana pale tu simu na chaja zinapoelewana. Zisipoelewana, chaja hurudi kwenye volti 5. Ndiyo maana chaja ya wati 33 ya kampuni moja inaweza kuchaji simu ya kampuni nyingine polepole bila kitu chochote kuwa kibovu. Na ile hofu kwamba chaja yenye ampea nyingi "itaunguza betri" haina msingi, kwani simu ndiyo inayoamua ivute kiasi gani. Cha kuogopa ni chaja hafifu isiyosafisha umeme vizuri. Dalili yake ni kioo kujibonyeza chenyewe au tachi kurukaruka simu ikiwa kwenye chaji. Chomoa, tachi ikitulia papo hapo, usibadilishe kioo, badilisha chaja.

Wanaochaji kwa sola moja kwa moja kutoka kwenye paneli wana shida yao: wingu likipita, umeme unashuka na simu inaacha kuchaji. Ni bora paneli ichaji pawabenki au betri kubwa kwanza, kisha simu ichaji kutoka hapo.

Halafu kuna joto. Simu iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari juani, au inayochaji huku ikigawa intaneti ikiwa ndani ya kava nene, hupunguza kasi ya chaji au huikataa kabisa mpaka ipoe. Vua kava, iweke mahali penye hewa, subiri. Usiitie kwenye friji. Unyevu utageuka matone ya maji ndani yake.

Betri iliyochoka kweli

Betri za lithiamu huchakaa kwa kutumika. Apple, kwa mfano, inaeleza kwamba betri ya iPhone 14 na za nyuma yake imeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500 kamili ya chaji, na iPhone 15 baada ya mizunguko 1000. Kwenye iPhone utaona hali hiyo Settings, kisha Battery. Kwenye Samsung, programu ya Samsung Members ina sehemu ya uchunguzi inayokagua betri.

Dalili isiyodanganya ni simu kuzima ghafla ikionyesha asilimia 20 au 30, hasa unapopiga picha kwa flashi au mtandao unapokuwa dhaifu. Betri kuukuu haiwezi kutoa umeme mwingi kwa mara moja, volti inaporomoka, simu inajizima. Ukiichomeka, inawaka na asilimia zilezile. Hapo hakuna programu ya kuokoa betri itakayosaidia, nunua betri.

Mfuniko wa nyuma ukibenuka, au kioo kikianza kuachana na fremu, betri imevimba. Acha kuichaji, zima simu, usiubonyeze mfuniko urudi, wala usitoboe betri ili "itoe gesi". Inaweza kuwaka moto.

Imeingia maji

Sahau mchele. Haufyonzi maji yaliyo ndani ya simu, na unaacha unga kwenye tundu. Apple imewaambia wateja wake wazi wasiutumie. Zima simu mara moja, toa laini na memori kadi, ikung'ute tundu likiangalia chini, kisha iache penye upepo, au mbele ya feni. Usitumie mashine ya kukaushia nywele. Simu ikionyesha alama ya tone la maji na kukataa chaji, iheshimu: ukichaji tundu likiwa na unyevu, miguu yake huoza kwa kutu ya kijani.

Maji ya bahari ni habari nyingine. Chumvi hubaki hata maji yakikauka na huendelea kula shaba. Simu yenye kinga ya maji ya kiwango cha IP68 isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi kisha uikaushe. Isiyo na kinga iwahishwe kwa fundi siku hiyohiyo aifungue na kuisafisha kwa spiriti safi, hata kama bado inawaka. Kuwaka leo si kupona.

Simu imejaa na wewe hujui imejaa nini

Simu ya GB 32 huanza maisha ikiwa tayari imeliwa sehemu kubwa na mfumo wenyewe. Nafasi ikikaribia kwisha, kila kitu huwa kizito: kamera inakataa kuhifadhi, programu zinajifunga, masasisho yanagoma. Lenga kubakiza angalau sehemu moja ya kumi ikiwa tupu.

Kosa la kawaida ni kufuta picha mia tatu kisha kulalamika kwamba nafasi haijaongezeka. Picha hazijafutika, zimehamia kwenye pipa la taka. Google Photos huziweka huko siku 60 kama zilikuwa zimehifadhiwa mtandaoni, na 30 kama hazikuhifadhiwa. Galari ya Samsung na iPhone huziweka 30. Fungua Trash, au Recently Deleted kwenye iPhone, uimalize huko.

WhatsApp ndiyo mlaji mkuu, na inatakiwa kushughulikiwa kwa mpangilio:

1. Ingia Settings, Storage and data, Manage storage. Utaona mafaili yanayozidi MB 5 na yale yaliyosambazwa mara nyingi. Anza na haya, ndiyo mizigo.
2. Kwenye Media auto-download, ondoa alama zote chini ya mobile data, na kwenye Wi-Fi bakiza picha tu.
3. Fungua programu ya mafaili, nenda Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Media. Ndani ya WhatsApp Video kuna folda iitwayo Sent: ni nakala za video ulizotuma wewe. Wengi hawajawahi kuifungua.
4. Rudi nyuma mpaka kwenye folda ya WhatsApp, kisha uingie Databases. Kuna nakala za ujumbe za siku zilizopita, kila moja ikiwa na tarehe kwenye jina. Futa zenye tarehe. Ile isiyo na tarehe iache, ndiyo ya karibuni.

Kwenye mipangilio ya programu kuna Clear cache na Clear data, ambayo baadhi ya simu huiita Clear storage. Ya kwanza hufuta mafaili ya muda tu, haina madhara. Ya pili hurudisha programu ilivyokuwa siku ya kwanza, na kwa WhatsApp ina maana ya kuaga ujumbe wote ambao hukuuhifadhi. Telegram ni tofauti kwa sababu vitu vyake vinakaa kwenye seva, kwa hiyo futa cache yake bila woga.

Kumbuka pia kwamba GB 15 za bure za Google zinagawanywa kati ya Gmail, Drive na Photos, na tangu 2024 hata nakala za WhatsApp za Android zinahesabiwa humo. Zikijaa, barua pepe mpya hazitaingia.

Ukinunua memori kadi, ipime kabla hujaiamini. Kadi bandia hujitangaza GB 128 ilhali ndani ina 8, na huonekana nzima mpaka zile 8 zijae, kisha picha zinaanza kuharibika kimyakimya. Kwenye kompyuta ya Windows, programu ndogo ya bure iitwayo H2testw huijaza kadi nzima na kuisoma tena. Huchukua saa kadhaa, lakini jibu lake halina mjadala.

Programu za "kusafisha RAM" zifute. Android hupanga kumbukumbu yake yenyewe, na hizo huongeza matangazo tu. Matangazo yakijitokeza juu ya kila kitu, bonyeza kitufe cha kuzimia, kandamiza neno Power off kwa muda mpaka Safe mode itokee, kisha uwashe hivyo. Yakitoweka, mkosaji ni programu uliyoipakua wewe. Anza na za karibuni.

Bando na mtandao

Zima backup ya Google Photos kwenye mobile data, weka masasisho ya Play Store yawe kwa Wi-Fi pekee, na ubora wa video za YouTube ushushe hadi 480p. Kwenye kioo cha simu tofauti haionekani sana. Mtandao ukikwama, washa na uzime airplane mode kabla ya kuwasha upya simu nzima. Ukiona 4G haiji kamwe wakati simu ya jirani inayo, huenda laini yako ni ya zamani. Wakala wa mtandao wako ataibadilisha na namba ikabaki ileile.

Ukilazimika kwenda kwa fundi

Piga *#06# uandike IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yako, mahali pengine. Toa laini na memori kadi uondoke nazo, maana laini ndiyo pochi yako ya pesa. Kama ni Samsung yenye Maintenance mode kwenye Device care, iwashe: fundi atajaribu simu bila kuona picha wala ujumbe wako. Kabla ya kulipa, ukiwa palepale mezani, rudisha laini na upige simu ukisikiliza pande zote mbili, washa kamera zote mbili, chomeka chaji, kisha ukiwa kwenye mazungumzo sogeza simu sikioni uone kama kioo kinazimika. Sensa hiyo ndogo iliyo juu ya kioo ndiyo husahaulika sana kioo kinapobadilishwa.