Kwenye meli, kaa katikati
Ukipanda meli ya usiku kutoka Mwanza kwenda Bukoba na hutaki kichefuchefu, usikimbilie mbele kwenye upepo. Meli huyumba kama bembea ya ubao: ncha ndizo zinazopanda na kushuka, katikati kumetulia. Tafuta nafasi hapo, ghorofa ya chini. Wanaokwenda Antaktika nao hutafuta vyumba vya katikati, maana kuvuka Mlangobahari wa Drake, kati ya Amerika Kusini na Antaktika, ni kama siku 2 za mawimbi ambayo ziwa letu halijawahi kuyaota. Dawa ya kichefuchefu meza kabla meli haijang'oa nanga. Ukishaanza kutapika, umechelewa. Tumbo tupu nalo baya. Kula mkate kidogo, si sato wa kukaanga (najua, ananukia). Simu weka mfukoni. Kukipambazuka, toka nje utazame mbali, maji yanapokutana na mbingu.