Kutafuta mahali sauti ilipokatikia kwenye kompyuta ya Linux

Kompyuta iliyokwisha kutumika kwingine kabla ya kufika Lubumbashi, ikiwekewa Linux, mara nyingi huwaka bila tatizo: skrini inaonyesha vizuri, Wi-Fi inashika, kipanya kinakwenda, lakini spika hazitoi hata mlio. Wengi hukimbilia kufuta mfumo mzima na kuuweka upya, kazi inayokula nusu ya siku na mega nyingi za intaneti, na mara nyingi mashine hubaki bubu vilevile kwa sababu chanzo hakikuguswa. Ninawasihi wanafunzi, waimbaji wa kwaya wanaorekodi nyimbo zao wenyewe, na watu wa redio za mitaani wasianze huko. Sauti ya Linux hupita ngazi nne zinazojulikana, na kila ngazi ina amri yake ya kuipima. Anayezipima kwa mpangilio, kuanzia chini, hujua ni wapi sauti ilikatikia kabla ya kubadilisha chochote.

Ngazi ya kwanza ni kadi yenyewe, yaani chipu iliyomo ndani ya mashine au kifaa cha USB kilichochomekwa. Ya pili ni kerneli, yaani kiini cha mfumo, pamoja na ALSA, sehemu yake inayozungumza na chipu hiyo. ALSA iliingia rasmi katika kerneli 2.6 iliyotolewa Desemba 2003. Ya tatu ni seva ya sauti, inayopokea sauti za programu zote, kuzichanganya na kuzipeleka kwenye kadi moja. Ya nne ni programu unayoitumia: kivinjari, kicheza muziki, au programu ya kurekodi.

Ngazi ya tatu ndiyo inayowachanganya watu zaidi, kwa kuwa imebadilika. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na PulseAudio, iliyoanza mwaka 2004. Mwaka 2017 mtunzi wa programu Wim Taymans aliitambulisha PipeWire, na katika mifumo mbalimbali ya Linux, tangu Fedora 34 ya mwaka 2021, Ubuntu 22.10 na Debian 12 yenye mazingira ya dawati ya GNOME, PipeWire ndiyo inayokuja na mfumo. Kwa hiyo maelekezo ya zamani yanayokuambia uiondoe PulseAudio, au uandike kwa mkono faili la mipangilio ya ALSA liitwalo asound.conf, yanaweza kuharibu mashine ya leo ambayo ilikuwa na kosa dogo tu. Kabla ya kufuata maelekezo yoyote, tazama yaliandikwa mwaka gani.

Kabla ya kufungua terminali

Chomoa kila kitu kwenye tundu la hedifoni. Vumbi la kiangazi cha Lubumbashi huingia katika tundu hilo na kukandamiza swichi ndogo iliyo ndani, na mashine ikaamini kwamba hedifoni zimechomekwa ilhali hakuna kitu. Ingiza plagi na kuitoa mara kadhaa, kisha usafishe kwa hewa, wala si kwa pini ya chuma. Ukiona mwanga mwekundu ndani ya tundu, kama inavyotokea kwenye baadhi ya MacBook za zamani, mashine imehamia kwenye njia ya sauti ya mwanga, na dawa ni hiyohiyo ya kuchomeka na kuchomoa.

Kama kompyuta ina Windows pia, izime kabisa ukiwa ndani ya Windows kwa kushikilia kitufe cha Shift unapobofya kuzima. Kuzima kwa kawaida huacha sehemu ya mfumo imelala ili iamke upesi, na Linux inaweza kuikuta kadi ya sauti katika hali isiyoielewa.

Je, kerneli inaiona kadi?

Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, na uandike:

lspci -nnk | grep -iA3 audio

Utaona jina la chipu, na chini yake mstari wa «Kernel driver in use». Kwenye mashine nyingi zenye Intel au AMD utakuta snd_hda_intel. Kwenye kompyuta za mkononi mpya zaidi zenye Intel utakuta jina linaloanza na sof-audio. Kama kadi yako ni ya USB, amri ni lsusb. Kisha uliza ALSA imepata nini:

aplay -l

Mifumo mingi hapa mjini imewekwa kwa Kifaransa, kwa hiyo jibu litasema «carte 0» na «périphérique 0». Ukitaka kulinganisha na maelekezo ya Kiingereza, tanguliza LC_ALL=C mbele ya amri yoyote, nayo itajibu kwa Kiingereza kwa mara hiyo moja bila kubadilisha lugha ya mfumo wako.

Soma orodha hiyo kwa makini. Mara nyingi HDMI, njia ya kuunganisha skrini ya nje, huonekana kama kadi inayojitegemea, na pengine ndiyo hupewa namba 0. Sauti basi inakwenda kwenye skrini ya nje isiyokuwapo. Hilo si kosa la kadi, na tutalirekebisha kwenye seva ya sauti.

Kama lspci inaonyesha chipu lakini aplay haioni kadi yoyote, soma kumbukumbu za kerneli (neno sudo huipa amri mamlaka ya msimamizi wa mfumo):

sudo dmesg | grep -iE 'snd|sof|firmware'

Ujumbe unaosema kwamba faili la sof limekosekana una maana moja: chipu inahitaji programu yake ndogo ya ndani, na mfumo hauna programu hiyo. Kwenye Debian furushi la programu hiyo linaitwa firmware-sof-signed, nalo limo katika sehemu ya non-free-firmware ya orodha ya vyanzo; kwenye Ubuntu jina ni hilohilo; kwenye Fedora ni alsa-sof-firmware; kwenye Arch ni sof-firmware. Unganisha simu yako kwa waya wa USB, washa ugawaji wa intaneti, sakinisha furushi hilo peke yake, kisha uwashe mashine upya. Hapa ndipo ninapomwonea huruma mtu aliyenunua mega za kupakua mfumo mzima ilhali furushi hili moja lingemtosha.

Wapo wanaopendekeza njia ya mkato: kuandika mstari huu katika faili jipya ndani ya /etc/modprobe.d/, ambalo jina lake linaishia na .conf:

options snd-intel-dspcfg dsp_driver=1

Mstari huo unailazimisha mashine itumie njia ya zamani, na spika zinaweza kurudi. Lakini kwenye kompyuta nyingi za aina hiyo maikrofoni ya ndani hupitia njia mpya, hivyo utapata spika na kupoteza maikrofoni. Utumie kwa majaribio, na uufute ukishapata furushi sahihi.

Kadi ipo, lakini iko kimya

Sakinisha alsa-utils kama haipo, kisha andika alsamixer. Bonyeza F6 na uchague kadi halisi, kwa maana ukurasa wa kwanza unaoonekana huwa ni wa seva ya sauti wala si wa kadi. Chini ya kila nguzo utaona herufi MM au namba 00. MM ni kufungwa. 00 ni kufunguliwa. Tembea kwa mishale hadi Master, Speaker, Headphone na PCM, ufungue kila moja kwa kitufe cha M na kuipandisha. Ukikuta Auto-Mute Mode, izime kwa muda: ndiyo inayozifunga spika kila mashine inapodhani kuna hedifoni.

Sasa pima ngazi hii bila kuihusisha seva ya sauti. Badala ya PCH weka jina fupi la kadi yako, lile linaloonekana mara baada ya namba ya kadi katika jibu la aplay -l. Jina ni salama kuliko namba, kwa kuwa namba zinaweza kubadilishana nafasi mashine inapowashwa upya.

speaker-test -D plughw:PCH,0 -c 2 -t wav

Ukisikia sauti ya mtu ikitaja upande wa kushoto kisha wa kulia, kadi na kerneli ni nzima na huna haja ya kuvigusa tena. Ukijibiwa kwamba kifaa kinatumika, funga programu zote zenye sauti na usubiri kidogo. Seva huiachia kadi baada ya sekunde 5 hivi za ukimya. Kama bado, amri fuser -v /dev/snd/* itakuonyesha ni programu ipi inayoishikilia. Simamisha jaribio kwa Ctrl na C, na ukiridhika na viwango ulivyoweka, vihifadhi kwa sudo alsactl store.

Seva ya sauti

Anza kwa kujua ni ipi inayofanya kazi. Andika pactl info na utazame jina la seva: ukisoma «PulseAudio (on PipeWire …)» basi ni PipeWire inayozielewa pia programu zilizoandikwa kwa ajili ya PulseAudio. Kisha:

wpctl status

Katika sehemu ya Sinks utaona matokeo yote ya sauti, kila moja na namba yake, na nyota mbele ya lile linalotumika. Kama nyota iko kwenye HDMI, andika wpctl set-default ukifuatisha namba ya spika. Anayependa madirisha kuliko terminali asakinishe pavucontrol, aende kwenye kichupo cha Configuration, azime kadi asiyoihitaji na kuchagua wasifu wa spika kwenye kadi ya kweli. Ninaipendelea pavucontrol kuliko ukurasa wa sauti wa mipangilio ya kawaida, kwa kuwa inaonyesha kila programu na mahali inakopeleka sauti yake. Huko ndiko utakakogundua kwamba kivinjari peke yake ndicho kilichofungwa.

Jina la «Sortie factice» linamaanisha kwamba seva haikupata kadi yoyote. Kama jaribio la speaker-test lilifaulu, anzisha seva upya:

systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse

Amri hii haitanguliziwi sudo. Seva ya sauti ni ya mtumiaji aliyeingia, na kuilazimisha iendeshwe na msimamizi wa mfumo huzaa matatizo mapya ya ruhusa. Ikiwa hali haikubadilika, funga kikao, ipe kabrasha la ~/.local/state/wireplumber jina jingine, kisha uingie tena: hapo ndipo chaguo za zamani zinapohifadhiwa, zikiwemo za kadi usiyokuwa nayo tena.

Kurekodi

Kwa upande wa maikrofoni, rudi alsamixer na ubonyeze F4. Nguzo ya Capture haifanyi kazi mpaka neno CAPTURE litokee chini yake, na hilo hufanywa kwa kitufe cha nafasi. Punguza Mic Boost hadi mwisho kwanza, kwa sababu huongeza uvumi, yaani mngurumo wa chinichini, sawasawa na sauti. Jaribio fupi ni hili:

arecord -f cd -d 10 jaribio.wav

Litarekodi sekunde 10 kwa ubora wa CD, yaani sauti ikipimwa mara 44100 kwa sekunde, kila kipimo (sampuli) kikiwa cha biti 16, faili la megabaiti 1.76 hivi. Lisikilize kwa aplay jaribio.wav. Kwa kwaya, weka kiwango ambacho sauti kali zaidi hufika karibu na −12 dB. Sauti iliyokatwa juu kwa kuzidi kiwango haiponi tena, lakini ndogo inaweza kupandishwa baadaye.

Uvumi mzito usiokoma wakati wa kurekodi una sababu moja ninayotaka ichunguzwe kabla ya kuilaumu kadi. Chomoa chaja na urekodi kwa betri. Uvumi ukitoweka, umeme ndio unaouingiza, hasa pale kompyuta na meza ya kuchanganyia sauti zinapolishwa kutoka soketi tofauti, au jenereta inapofanya kazi. Chomeka vyote kwenye kamba moja ya umeme yenye waya wa ardhi, au rekodi kwa betri. Hakuna mpangilio wa Linux utakaouondoa uvumi unaoingia kwa waya.

Sauti inayokatikakatika na kupasuka ni jambo jingine. Fungua pw-top na utazame safu ya ERR: namba ikiendelea kupanda, kichakataji hakimudu kuandaa sauti kwa wakati. PipeWire kwa kawaida huandaa sampuli 1024 kwa mara moja, kwa kasi ya sampuli 48000 kwa sekunde, takribani milisekunde 21. Mashine dhaifu ipewe nafasi zaidi:

pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 2048

Utasikia kuchelewa kidogo, jambo lisilomsumbua anayesikiliza tu, ingawa mwimbaji anayejisikiliza kwenye hedifoni atalihisi. Kurudisha hali ya kawaida, weka 0 badala ya 2048.

Kuhusu Bluetooth, kumbuka tu kwamba kifaa kina wasifu mbili, yaani namna mbili za kufanya kazi: A2DP, yenye sauti nzuri bila maikrofoni, na HFP au HSP, zenye maikrofoni lakini sauti nyembamba kama ya simu. Muziki ukiharibika ghafla, programu fulani imeiomba maikrofoni. Badilisha wasifu katika pavucontrol, au tumia maikrofoni ya kompyuta. Kifaa kikikubali kuunganishwa bila kuonekana kati ya matokeo ya sauti, kwenye Debian na Ubuntu hakikisha furushi la libspa-0.2-bluetooth limesakinishwa.

Ikiwa ngazi zote zimepimwa na jibu halijapatikana, andika alsa-info --no-upload, ambayo baadhi ya mifumo huiita alsa-info.sh. Itatengeneza faili moja la maandishi ndani ya /tmp, lenye jina la chipu, toleo la kerneli na viwango vyote vya sauti. Ni faili jepesi linaloweza kutumwa kwa WhatsApp. Mpelekee fundi faili hilo pamoja na maelezo ya ngazi ambayo jaribio lako lilishindwa, naye ataweza kukusaidia hata kama yuko mji mwingine, Kolwezi, na mashine iko Katuba hapa Lubumbashi.