Mawingu Yakitanda: Jinsi ya Kuutunza Moyo Msimu wa Mvua

Uganda ikweta inatupitia, na mchana wetu hudumu takriban saa 12 mwaka mzima. Ile huzuni ya msimu ambayo daktari Norman Rosenthal na wenzake waliieleza Marekani mwaka 1984 inahusishwa na michana mifupi ya majira ya baridi, hivyo si rahisi itupate. Lakini kati ya Machi na Mei, na tena Septemba hadi Novemba, wingu likitanda Kampala siku tatu mfululizo au ukungu ukikawia kuondoka Kabale, wengi huamka wazito na wepesi wa kukasirika. Mara nyingi chanzo ni kwamba mvua imetufungia ndani, gizani. Tuanzie hapo.

Nje, hata chini ya wingu zito, kwa kawaida kuna mwanga wa laksi (kipimo cha mwanga) 1,000 hadi 10,000. Sebule yenye balbu moja mara nyingi haifiki 200. Jicho hujirekebisha, kwa hiyo hatuioni tofauti hiyo ilivyo kubwa, ila saa ya mwili iliyomo ubongoni huihisi: mwanga wa asubuhi ndio unaozima melatonini, homoni ya usiku. Basi kaa nje dakika 20 hadi 30 kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Baraza linatosha, chai inywewe hapo, mboga zichambuliwe hapo. Jua lenyewe usilikodolee macho.

Ukilazimika kubaki ndani, weka kiti karibu kabisa na dirisha, isizidi mita moja, maana ukirudi nyuma hatua tatu tu mwanga umeshapungua sana. Wenye madirisha ya mbao huyafunga yote mvua ikianza, nyumba ikawa usiku. Liache wazi lile la upande usiopigwa na upepo. Na anayeezeka upya aweke bati moja la plastiki linalopitisha mwanga.

Amka saa ile ile hata kukiwa na baridi. Ukilala mchana, usipitishe dakika 20 wala usilale baada ya saa tisa, usije ukakesha usiku. Waragi, ile pombe kali, ya kufukuza baridi hudanganya: hupeleka damu kwenye ngozi, ukahisi joto huku mwili unalipoteza, kisha huuvuruga usingizi. Jiko la makaa lisiingizwe chumbani kilichofungwa. Kichwa kuuma, kizunguzungu na uchovu hapo si huzuni, ni sumu ya hewa ya makaa, nayo huua watu usingizini.

Sasa mawazo. Chukua karatasi, uandike sentensi kama inavyokujia: “Siku imeshaharibika.” Kisha jiulize mvua imechukua nini hasa. Muuza mitumba wa soko la Owino, Kampala, anaweza kuandika: “Mvua imenilia asubuhi yangu. Mchana bado upo, na kupanga nguo na kuhesabu madeni naweza kufanya hata ikinyesha.” Wengi hukosea kwa kuandika “Leo nina furaha tele,” nao moyo unakataa kwa sababu si kweli. Sentensi mpya lazima iwe ya kweli, iwe na kazi ndani yake. Halafu ianze hiyo kazi, hata kwa dakika 10. Usisubiri hamu, kwa mtu aliyelemewa, hamu huja akiwa tayari kazini. Ndiyo maana inafaa kuwa na orodha ya kazi za siku ya mvua iliyoandikwa mapema, siku ya jua, kichwa kikiwa chepesi.

Kuna jambo moja la kuangalia kabla ya kulaumu wingu. Msimu wa mvua ni msimu wa mbu. Uchovu wenye homa, kutetemeka au viungo kuuma upimwe malaria siku hiyo hiyo au kesho yake, kwenye kituo cha afya au kwa mhudumu wa afya wa kijiji.

Na ikiwa huzuni, au kutopendezwa na chochote, kumedumu karibu kila siku kwa wiki mbili, jua likiwaka au lisiwake, nenda kituo cha afya ueleze hivyo waziwazi. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na Kampala kuna Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili. Mwenye mawazo ya kujiua asiachwe peke yake, apelekwe leo.