Maji kwanza, chambo baadaye: kuvua kwa ndoano baridi ikiisha, Moshi na Arusha

Kila mwaka ikifika mwezi wa tisa swali ni lile lile, chambo gani kinakamata, na kila mtu anajibu la kwake, huyu minyoo, huyu ugali, huyu utumbo wa kuku, na wote wako sahihi alafu siku nyingine wote wanarudi mikono mitupu na chambo kile kile. Mi nasema hivi, chambo hakina uzuri wa peke yake, kinakuwa kizuri kwa maji fulani na samaki fulani, kwaiyo kabla hujachimba minyoo nenda kaangalie maji yakoje, yamepata joto au bado, meupe au ya tope, yametulia au yanakimbia, hapo ndo uamue unaenda na nini.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wana majira yao ya kuchipua, barafu inayeyuka, kuanzia mwezi wa tatu maji yanapata joto na samaki aliyekuwa amejikalia chini anapanda kwenye kina kifupi kutafuta chakula. Huku kwetu maziwa hayagandi ila kitu cha namna hiyo tunacho, ni pale baridi ya mwezi wa sita mpaka wa nane inapoachia, jua la mwezi wa tisa na wa kumi linapasha maji, alafu vuli inaingia. Kwa mtu wa ndoano sioni kipindi kingine cha mwaka kinachofikia hiki.

Sababu iko kwenye mwili wa samaki mwenyewe, maana hana joto lake, anachukua joto la maji aliyomo. Perege maji yakiwa nyuzi 25 mpaka 30 anakula sana, yakishuka chini ya 20 anakuwa mzito, chakula kinakaa tumboni muda mrefu na njaa inapungua, hata umpelekee chambo kizuri namna gani atakigusa na kukiacha. Ndo maana mwezi wa saba unaweza kukaa ukingoni toka alfajiri usione boya likitikisika, alafu saa nane mchana jua likishapiga wanaanza kudonoa donoa. Baridi ikiisha mambo yanageuka, asubuhi mapema na jioni ndo muda mzuri, mchana wa jua kali samaki anashuka chini au anajificha kwenye matete.

Alafu usisahau mwinuko. Bwawa la Nyumba ya Mungu liko chini ya mita 700 kutoka usawa wa bahari, Arusha mjini ni kama 1,400, kwaiyo maji ya tambarare yanapata joto mapema na yanakaa na joto lake, maji ya huku juu yanachelewa. Mito kama Weruweru, Kikafu na Karanga ukiifuata kule juu karibu na msitu ni baridi mwaka mzima, perege huko usimtafute, ila ikishateremka tambarare kuungana na Kikuletwa hapo unaongea kitu kingine kabisa. Kikuletwa yenyewe inapokea maji ya Meru na ya Kilimanjaro pamoja na ya chemchemi kama zile za Chemka kule Rundugai, na maji ya chemchemi hayabadiliki sana joto wala rangi, ndo maana hata kipindi ambacho mito mingine ina tope au imepungua, sehemu za chini ya chemchemi bado unaweza kupata kitu. Pale Chemka penyewe waachie waogeleaji.

Nyumba ya Mungu inalishwa na hiyo Kikuletwa pamoja na Ruvu inayotoka ziwa Jipe, alafu inatoa Pangani. Bwawa ni kubwa na lina upepo, mchana upepo ukishika unasukuma kila kinachoelea, wadudu, majani, uchafu, unapeleka upande mmoja wa ufukwe, na samaki wanafuata chakula huko huko. Watu wengi wanakwepa upande ule kwa sababu kurusha mshipi dhidi ya upepo ni kazi na mawimbi yanasumbua boya, ila wewe nenda huko huko, ongeza chubwi kidogo (kile kizito cha kuzamisha mshipi), ndo kwenye samaki. Jipe ni ziwa la kina kifupi lenye matete na mafunjo mengi, pale tafuta uwazi kati ya matete, weka mshipi mfupi, ukirusha mbali utaishia kunasa majani.

Ziwa Duluti pale Tengeru ni hifadhi ya msitu, uliza kwanza ofisi ya pale usije ukachomoa mshipi ukaambiwa uko makosani. Maziwa ya Momella yapo ndani ya hifadhi ya taifa, huko hatuvui.

Sasa chambo, na tuanze na perege maana ndo wengi wanamtaka. Perege ana mdomo mdogo na chakula chake kikubwa ni ule utando wa kijani unaoota kwenye mawe na matete, vidudu vidogo vya majini na mabaki mabaki, sio samaki wa kumeza donge kubwa. Kosa ninaloliona sana ni ndoano kubwa na chambo kikubwa, mtu anadhani akiweka kikubwa atapata kikubwa, matokeo yake perege anakula pembeni pembeni mpaka kinaisha na wewe umekaa unashangaa boya linacheza bila kuzama. Weka ndoano ndogo, namba 10 mpaka 12 (kumbuka namba ikiwa kubwa ndoano ni ndogo), na chambo cha ukubwa wa punje ya hindi, kisizidi.

Donge linalokaa vizuri kwenye ndoano mi nalitengeneza hivi: unga wa ngano mikono miwili, unga wa mahindi mkono mmoja, mashudu ya alizeti yaliyosagwa nusu ya mkono, unakanda kwa maji kidogo kidogo mpaka liwe kama la chapati ila gumu zaidi, alafu unachanganya na nyuzi za pamba kidogo sana, ile pamba ya dukani, unainyambua unaikanda humo humo. Pamba ndo inayozuia donge lisiyeyuke wala kudonolewa likaisha. Mashudu yana mafuta na harufu, maji yakitulia ile harufu inatembea. Ugali wa jana nao unafaa tu, ukiukanda tena mkononi unashika.

Minyoo ndo chambo ambacho hakikuangushi hali ikiwa ya katikati, yaani maji yameanza kupata joto ila samaki bado hajachangamka vizuri. Kwenye kihamba (shamba la nyumbani), chini ya migomba pale panapomwagwa samadi ya ng'ombe, ukichimba jembe moja mawili unapata ya kutosha. Wawekee kopo lenye matundu na udongo wao ule ule wenye unyevu, kivulini, ukiwaacha juani nusu saa wamelegea na mnyoo aliyekufa anapoteza ile nguvu ya kuita samaki maana kinachomvuta samaki hapo ni kujinyonga nyonga kwake. Kwa perege kata kipande kidogo, uache kincha kidogo kinaning'inia, kwa kambale tunga wawili watatu mzima mzima.

Kabla ya kurusha ndoano, lisha sehemu. Pumba za mahindi, na kama kwenu wamepika mbege (pombe ya ndizi) omba machicha, changanya na udongo wa ufinyanzi kidogo ili yazame, finyanga matonge ya ngumi, tupa matatu manne sehemu moja alafu subiri kama nusu saa. Usitupe ndoo nzima! Samaki akishiba hana haja na chambo chako, unataka harufu imlete, chakula chenyewe kiwe kwenye ndoano.

Vuli ikianza kuna siku chache nzuri mno, zile za kumbikumbi. Mvua inanyesha jioni, usiku wanatoka, asubuhi maji yamejaa mabawa, na perege wanakula juu juu kabisa unawaona wanavunja maji. Siku hiyo ondoa chubwi, toa boya kama unaweza, tunga kumbikumbi mmoja au wawili kwenye ndoano ndogo kabisa uliyonayo uache aelee. Panzi pia anafanya kazi hiyo kwenye mto, mrushe karibu na ukingo wenye majani yanayoinamia maji, pale ambapo panzi wa kweli huwa wanaanguka.

Mvua zikikolea mito inaleta tope, na hapa ndo wengi wanaanza kulalamika samaki wamehama. Hawajahama. Perege anatumia macho, maji yakiwa rangi ya chai ya maziwa haoni, ule mkondo wa kwanza unaokuja na majivu, udongo na dawa za mashambani nao unamsumbua, kwaiyo anatulia. Mwache siku mbili tatu maji yaanze kujisafisha. Ila kambale yeye ndo anafurahi, macho yake madogo hayamsaidii sana hata maji yakiwa meupe, anaishi kwa zile sharubu zake na harufu, kwaiyo tope kwake si tatizo na usiku ndo mchana wake. Kuanzia saa moja jioni, ndoano namba 6 au 4, mshipi mnene, chubwi inayogusa chini, chambo kinachonuka: maini ya ng'ombe, utumbo wa kuku uliokaa juani nusu siku, dagaa, kipande cha samaki mwingine. Wapo wanaovua kambale kwa vipande vya sabuni ya mche, na kweli anameza, ila mi sishauri, ni samaki unayekwenda kumla wewe na wanao, utumbo wa kuku upo.

Akivuta usikurupuke. Kambale anachukua chambo, anatembea nacho, subiri mshipi ukaze ndo uvute kwa uthabiti. Na ukimtoa shika nyuma ya kichwa, zile miba mbili za kwenye mapezi ya ubavuni zinachoma na kidonda chake kinauma siku kadhaa.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Mvua kubwa ikinyesha na mto ukifurika mpaka kwenye majani, kambale wanatoka bwawani na mtoni wanapanda kwenye maji ya kina cha goti kwenda kutaga, mayai yananata kwenye majani yaliyozama na ndani ya siku moja mbili yameshatotoa. Usiku huo watu wanatoka na mapanga na mikuki, wanawakata wakiwa wamejaa mayai, jike moja kubwa limebeba mayai maelfu kwa maelfu, na asubuhi tunafurahi magunia yamejaa. Alafu mwaka unaofuata tunauliza kambale wameenda wapi. Usiku ule mmoja wawili waache jamani, vua kabla yake, vua baada yake, wakishataga wanarudi na njaa kali na watachukua chambo chako bila kusita.

Perege naye ana ya kwake. Maji yakipata joto dume anachimba kiduara kwenye mchanga wa kina kifupi, kama sahani, utaviona maji yakiwa meupe, jike anataga pale alafu anayabeba mayai mdomoni, na vifaranga anavitunza humo humo kama wiki mbili bila kula vizuri. Ukivuta perege akatema vifaranga mrudishe upesi na usogee sehemu nyingine. Na wale wanaoponda utupa (mmea wenye sumu ya samaki) na kumwaga mtoni, au wanaotumia dawa ya shamba, pamoja na kwamba sheria inakataza, wanaua mpaka vile vidudu ambavyo samaki angekula, sehemu ile inakaa tupu muda mrefu na maji yale yale kuna mtu huko chini anachota anapikia.

Leseni uliza kwa afisa uvuvi wa halmashauri yako kabla ya safari, Sheria ya Uvuvi ya 2003 ipo na inafanya kazi, na Nyumba ya Mungu imeshawahi kufungwa ili samaki wapumzike, kwaiyo usifunge safari toka Arusha bila kupiga simu kujua kama bwawa liko wazi.

Usivulie miguu ikiwa ndani ya maji. Mamba na viboko wapo Nyumba ya Mungu na Pangani, na kwenye mifereji na maji yaliyotulia ya tambarare kichocho kipo, anayevua akiwa amezama magotini mwezi mzima anakitafuta mwenyewe. Kaa ukingoni, juu kidogo, pawe na uwazi nyuma yako, na usiku muwe wawili na tochi.

Kingine, samaki hai usimhamishe toka maji haya kwenda mengine, hata kama nia ni njema ya kujaza bwawa la nyumbani. Ziwa Chala lina perege wake ambaye hapatikani kwingine duniani, Jipe na Pangani wana wa kwao, na sato wa kufugwa akiingia humo wanazaana mchanganyiko na wale wa asili wanapotea. Mbegu ya bwawa la nyumbani nunua kwa wanaozalisha vifaranga, bwawa liwe na uzio wa wavu kwenye mlango wa maji ili mvua ikija wasitorokee mtoni.

Uliowapata usiwaache juani kwenye ndoo ya maji, maji yanachemka wanakufa na kuoza. Perege mpasue utumbo hapo hapo, mfunike na majani mabichi ya mgomba kivulini au kwenye boksi la barafu, kambale mweke kwenye gunia lililolowa maji, anapumua hewa ya juu na atafika nyumbani akiwa hai, ulilowanishe tena kila linapoanza kukauka.