Kufundishana Bure kwa Ajili ya LSAT: Namna ya Kuendesha Vikao vya Hoja na Mantiki

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kufanya LSAT, mtihani unaotumiwa na vyuo vya sheria vya Marekani na Kanada katika kuchagua wanafunzi, na ambaye sasa angependa kumsaidia mwenzake bila malipo katika sehemu ya hoja na mantiki (Logical Reasoning), yenye hoja fupi na maswali juu yake. Wasomaji waliokulia Tanzania au Kenya, ambako kijana huweza kuingia shahada ya kwanza ya sheria moja kwa moja kutoka sekondari, wazingatie kwamba Marekani sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza. Kwa sababu hiyo, unayemfundisha mara nyingi ni mtu mzima mwenye kazi, familia au masomo mengine, na muda wake ni haba. Ushauri wangu wote umejengwa juu ya jambo moja: kazi ya mwalimu rika ni kumsikiliza mwanafunzi akifikiri kwa sauti mpaka mahali mawazo yake yanapopotea paonekane, wala si kumwonyesha jinsi yeye mwenyewe anavyofikiri vizuri.

Hatua ya kwanza: ujue mtihani ulivyo leo

LSAT hutungwa na kusimamiwa na LSAC, yaani baraza la udahili wa vyuo vya sheria (Law School Admission Council), na ulitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1948. Kwa miongo mingi ulikuwa na sehemu ya michezo ya mantiki, ambayo mtahiniwa aliifanya kwa kuchora michoro ya nani anakaa wapi na nani anamtangulia nani. Angelo Binno, mtahiniwa asiyeona kutoka Michigan, alipinga sehemu hiyo mahakamani, na maafikiano ya mwaka 2019 yakafungua njia ya kuiondoa. Tangu Agosti 2024 haimo tena. Mtihani wa sasa una sehemu 4 za dakika 35 kila moja: mbili za hoja na mantiki, moja ya ufahamu, na moja isiyohesabiwa ambayo inaweza kuwa ya aina yoyote kati ya hizo mbili. Insha hufanywa peke yake kwa wakati mwingine. Alama huanzia 120 hadi 180, na jawabu lisilo sahihi halimpunguzii mtahiniwa chochote, kwa hiyo hakuna swali linalostahili kuachwa wazi.

Maana ya mabadiliko hayo kwa mwalimu rika ni kubwa. Takribani theluthi mbili za maswali yanayohesabiwa sasa ni ya hoja na mantiki, na vitabu vya zamani vinavyouzwa kwa bei rahisi vimejaa kurasa za michezo ambazo hazina kazi tena. Mwanafunzi akija na kitabu cha namna hiyo, mwonyeshe mapema sehemu ya kusoma na sehemu ya kuruka.

Hatua ya pili: weka masharti kabla ya kikao cha kwanza

Jambo la bure huharibika upesi pasipo masharti. Mweleze mwanafunzi kwa maandishi siku na saa za vikao, urefu wa kila kikao, kazi anayopaswa kuifanya kabla ya kuja, na tarehe ambayo mpango mzima utakwisha. Kikao cha dakika 90 mara mbili kwa wiki kinatosha. Kikizidi hapo, nusu ya pili hugeuka kuwa mazungumzo. Kundi lisizidi watu 4, kwa kuwa kila mmoja lazima apate nafasi ya kusema. Vyumba vya kujisomea katika maktaba za umma za miji mingi ya Marekani hutolewa bila malipo kwa anayeweka nafasi, na wanaoishi mbalimbali wanaweza kukutana kwa simu ya video ilimradi wote waone swali moja.

Usiahidi alama. Anayesema "nitakutoa 150 nikufikishe 165" anaahidi jambo lisilo mikononi mwake. Sharti jingine halina mjadala: kila mtahiniwa hukubali kutotoa nje maswali ya mtihani alioufanya, kwa hiyo wewe uliyetoka kuufanya juzi huruhusiwi kusimulia ulichokiona humo, hata kwa ndugu yako.

Hatua ya tatu: pata nyenzo halali

Mwelekeze kila mwanafunzi afungue akaunti yake mwenyewe ya LawHub, tovuti ya mazoezi ya LSAC. Akaunti ya bure ina mitihani kadhaa kamili ya zamani katika mpangilio wa sasa, na hiyo inatosha kwa wiki za mwanzo. Maswali hayo yana hakimiliki. Msiyanakili na kuyasambaza katika makundi ya WhatsApp. Mwenye kipato kidogo anaweza kuiomba LSAC imsamehe ada, na anayekubaliwa hupata pia maktaba kubwa ya mitihani ya zamani kwenye LawHub. Maombi hayo yafanyike mapema, kabla ya kulipia mtihani. Nimeona watu wakilipa kwanza na kuuliza baadaye.

Hatua ya nne: pima mara mbili, kwa saa na bila saa

Kabla ya kufundisha chochote, mwanafunzi afanye sehemu moja nzima ya hoja na mantiki kwa dakika 35, akitia alama pembeni ya kila swali ambalo hana uhakika nalo. Muda ukiisha, asiangalie majawabu. Apumzike, kisha arudie maswali yote yaliyotiwa alama bila kuhesabiwa muda, na kwa kila moja aandike sentensi mbili tatu za kueleza kwa nini anachagua alichochagua. Majawabu sahihi yatazamwe baada ya hapo tu.

Sasa una matokeo mawili ya kulinganisha. Aliyepata maswali 14 akihesabiwa muda na 22 bila kuhesabiwa anaelewa hoja ila ni mzito wa mwendo. Aliyepata 14 na 15 ana pengo la uelewa, na kumharakisha ni kumwonea. Watu hawa wawili hawafai kupewa mazoezi ya aina moja, ingawa alama yao ya kwanza inalingana.

Hatua ya tano: fundisha pengo la hoja kabla ya aina za maswali

Vitabu vingi huanza na orodha ndefu ya aina za maswali: kuimarisha, kudhoofisha, kutafuta kasoro, kutafuta dhana (jambo ambalo hoja inalitegemea bila kulisema), kulinganisha mifumo ya hoja na kadhalika. Orodha hiyo ina faida, lakini ikija mapema mwanafunzi huhifadhi majina na kusahau hoja. Anza na maswali matatu ambayo atayajibu kwa kila hoja kabla ya kutazama chaguo: Mwandishi anataka niamini nini? Ananipa ushahidi gani? Ni kitu gani hajakisema ambacho lazima kiwe kweli ili ushahidi huo ufike kwenye hitimisho?

Chukua hoja hii niliyoitunga kwa ajili ya vikao: "Gazeti la mji wetu limeacha kuchapishwa kwenye karatasi na sasa linapatikana mtandaoni tu. Wazee wengi wa mji huu hawatumii intaneti. Kwa hiyo wazee hao hawatakuwa na njia ya kupata habari za vikao vya baraza la mji." Swali: hoja inategemea dhana gani?

A. Redio ambayo wazee hao huisikiliza haitangazi habari za vikao vya baraza.
B. Wazee wengi wa mji huu hawana uwezo wa kulipia intaneti.
C. Gazeti hilo ndilo chanzo bora kuliko vyote cha habari za baraza.
D. Kila mkazi anayetumia intaneti atalisoma gazeti hilo mtandaoni.
E. Mkazi yeyote asiyesoma gazeti hilo hana njia yoyote ya kupata habari za baraza.

Mwanafunzi anayeanza atasema jawabu ni E, na atalitetea kwa moyo wote, kwa kuwa E ikiwa kweli hitimisho linafika bila shaka. Usimkatize. Mwache amalize, kisha mwombe aikanushe kila kauli na aone kama hoja bado inasimama. Ukiikanusha B, wazee wana uwezo wa kulipia lakini hawatumii. Hitimisho halitikisiki, maana hoja haikujali sababu ya kutotumia. Ukiikanusha D, hakuna kilichobadilika kwa wazee. C huwanasa wengi: ukiikanusha, gazeti si chanzo bora kuliko vyote, lakini huenda chanzo kingine kilicho sawa nalo au bora zaidi kiko mtandaoni pia, ambako wazee hawafiki. Tukija kwenye E, kuikanusha ni kusema kwamba yupo walau mkazi mmoja asiyesoma gazeti lakini ana njia nyingine. Mkazi huyo anaweza kuwa kijana anayefungua tovuti ya baraza kila asubuhi, na wazee wakabaki gizani vilevile. Hitimisho linasimama. Kwa hiyo E inatosha kuithibitisha hoja, lakini hoja haiihitaji.

Ikanushe A, na mambo yanageuka. Redio wanayoisikiliza wazee hao inatangaza habari za vikao. Basi wanayo njia, na hitimisho limeanguka. A ndiyo dhana ya lazima, ingawa peke yake haitoshi kuikamilisha hoja, kwa maana bado kuna wajukuu, mbao za matangazo na kuhudhuria vikao vyenyewe. Ni nyembamba na haina mvuto, na ndiyo sababu huachwa.

Kaa hapa kwa vikao viwili au vitatu ukihitaji. Tofauti kati ya kinachotosha na kinachohitajika ndiyo inayoamua maswali ya dhana, maswali mengi ya kasoro na karibu maswali yote yenye masharti, na mwanafunzi aliyeishika kwa dhati hatahitaji tena nusu ya mbinu zinazouzwa.

Hatua ya sita: zoeza masharti kwa sentensi fupi

Tunga sentensi kama hizi na umwombe mwanafunzi aseme kinachofuata na kisichofuata. "Mtu huingia maktaba ya sheria ikiwa tu ana kitambulisho." Aliyemo ndani ana kitambulisho, lakini mwenye kitambulisho si lazima aingie. "Kesi haitasikilizwa Jumatatu isipokuwa jaji amerejea." Kesi ikisikilizwa Jumatatu, jaji amerejea, lakini jaji akirejea, hatujaahidiwa chochote. Dakika kumi mwanzoni mwa kila kikao zinatosha.

Kwa wanafunzi wanaofikiri kwa Kiswahili, mimi huruhusu maelezo yatolewe kwa Kiswahili bila kizuizi, kwa kuwa hoja iliyoelezwa vizuri kwa lugha ya nyumbani imeeleweka. Hata hivyo matini yasomwe kwa Kiingereza daima, na maneno ya Kiingereza yanayobeba masharti, kiasi na tahadhari yaandikwe kwenye ukurasa mmoja na kurudiwa mpaka yasimchukue muda. Kumtafsiria swali zima ni kumnyima mazoezi anayoyahitaji zaidi.

Hatua ya saba: daftari la makosa

Kila swali lililokosewa liandikiwe mambo manne kwa maneno ya mwanafunzi mwenyewe: hitimisho la hoja, sababu iliyomvutia kwenye jawabu alilochagua, sababu ya jawabu hilo kuwa si sahihi, na sababu iliyomfanya alikatae lililo sahihi. Maneno kama "sikusoma vizuri" yasikubaliwe, kwa kuwa hayaelezi chochote. "Nilidhani 'baadhi' ni 'wengi'" ni maelezo. Kurasa zikijaa, makosa yenye sura moja yatajitokeza yenyewe, na hayo ndiyo yatakayokupa ratiba ya vikao vinavyofuata. Huna haja ya mtaala mwingine.

Maswali aliyoyapata kwa kubahatisha nayo yaingie humo. Mwanafunzi hupenda kuyaruka.

Hatua ya nane: saa ije mwisho

Sehemu moja huwa na maswali kama 25, yaani wastani wa dakika moja na sekunde 24 kwa swali, lakini wastani huo unapotosha. Kwa kawaida maswali ya mwanzo ni mepesi kuliko yanayofuata, kwa hiyo kumi ya kwanza yapite haraka kiasi ili yale magumu yapate nafasi. Mfundishe mwanafunzi kuliacha swali linalomgandisha, kulichagulia jawabu lolote, kulitia alama na kurudi baadaye. Wengi huona aibu kuruka swali, kana kwamba kuna mtu anayewatazama. Kuhusu sehemu isiyohesabiwa, asijaribu kuibashiri akiwa ndani ya mtihani. Zote zifanywe kwa uzito uleule.

Mwenye ulemavu au hali ya kiafya inayohitaji muda wa ziada au vifaa maalumu aombe LSAC mapema, na mazoezi yake yote yafuate muda atakaoruhusiwa.

Katika wiki ya mwisho usilete somo jipya. Mpitie daftari la makosa pamoja, mwanafunzi akikufundisha wewe kila ukurasa kama vile hujawahi kuuona. Panapokwama, fanyeni swali moja tu la aina hiyo na msonge mbele. Akiuliza kama aahirishe mtihani, tazameni mitihani yake kamili ya hivi karibuni na kiwango kinachotakiwa na vyuo anavyoviomba, kwa kuwa nafasi zina ukomo: mtahiniwa huruhusiwa mara 5 ndani ya kipindi ambacho matokeo yake bado hupelekwa vyuoni, na mara 7 katika maisha yake yote.